Sauti Yako Nyuma ya Shuka

Mpendwa ndugu yangu Mwaura,

Jana nimekuona. Usicheke, nakwambia nimekuona kwa macho yangu haya mawili, katika uwanja wa mpira wa Ruiru, unakimbia na gunia mgongoni, kofia umeiweka upande vile ulivyozoea, na viatu vya Mutua, mpiga gitaa wetu, vinataka kukuchomoka kila hatua kwa sababu vilikuwa vikubwa. Wewe tuliyekuzika. Wewe niliyekushonea kwa mkono wangu nguo ya mwisho. Ngai! Asubuhi nimeshona mkono wa gauni la mke wa karani mahali pa shingo, nikalifumua lote kwa hasira. Basi nimefunika cherehani, nimechukua kalamu. Barua hii haina stempu wala sanduku. Mutua ataisoma kwa sauti mbele ya wenzetu waliobaki, na wewe kama husikii huko uliko, shauri yako.

Lilikuja gari la sinema la watu wa sabuni. Unayajua magari hayo: ubavuni amechorwa mwanamke anayecheka na beseni, juu kimefungwa kipaza sauti, na pembeni anasimama bwana mmoja wa kueleza picha, maana picha nyingi ni za Kizungu na watu wetu hawasikii Kizungu. Mama naye alikuja. Ndiyo, Maitu wako yuleyule aliyeokoka, ambaye hajawahi kukanyaga penye mchezo wowote tangu abatizwe. Hakuja kwa sinema. Alisikia wanagawa sabuni ya bure. Aliniambia njiani, "Mimi nitafumba macho. Wakianza kugawa, nishtue."

Tukakaa chini na majirani wa lainini, zile nyumba za wafanyakazi, giza likaingia vizuri, zikapita picha za sabuni, watoto wa Kizungu wanaogeshwa, povu mpaka masikioni. Kisha yule bwana akasema sasa inakuja picha ya kuchekesha. Nguo nyeupe ikapiga mwanga, na ukatokea wewe.

Mwaura, sikupiga kelele. Kwa muda nilisahau kabisa kwamba umekufa, nikaanza kunyanyuka nikuite uje ukae upande huu, upande ule una siafu. Ndipo nikaona kitu kingine kilichonimaliza nguvu: uso wako ulikuwa mzima. Haukuwa na mshono.

Unakumbuka shuka letu la kuonyeshea picha? Vipande viwili vya amerikani nilivyoviunganisha pale barazani Thika, mimi na cherehani yangu, wewe na baiskeli zako zilizopinduliwa miguu juu, tumegawana kivuli cha duka moja. Mshono ulipita katikati kabisa, na kila uliposogea karibu na kamera ulikukata pua. Ulinitania mbele ya watu, "Dada yangu ni daktari, amenifanyia operesheni." Nikakurushia bobini. Miaka yote ile nilikuona kwenye shuka lile ukiwa vipande viwili, na jana, kwenye nguo ya wageni, nikakuona mtu mmoja.

Nikamtazama Mama. Macho yake yalikuwa wazi, wazi kabisa. Kucha zake zilikuwa zimeingia mkononi mwangu.

"Ni Mwaura," akasema.

Hakusema anafanana na Mwaura. Na kumbuka, hatuna picha yako hata moja. Wewe uliyeshinda na wapiga picha, hukuwahi kukaa mbele ya kamera ukatulia angalau tupate moja ya ukutani. Tangu tukuzike, Mama huniuliza, nyusi zilikuwa hivi au hivi? Sasa mwanawe yuko mbele yake, mkubwa kuliko nyumba, anapumua, anafuta jasho.

Ndipo yule bwana wa sabuni akafungua kinywa.

"Tazameni, mabwana na mabibi! Mwizi huyo! Ameiba gunia la watu, mwone anavyokimbia!"

Watu wakacheka. Akaona wamependa, akaongeza moto. "Na mchafu! Mwone nguo zake! Mwizi na sabuni, wapi na wapi!"

Wakacheka zaidi. Nikasikia mkono wa Mama unaniachia, kidole kimoja kimoja. Akaniuliza polepole, kwa sauti ya mtu anayeuliza kama maji yamechemka, "Kwa hivyo hii ndiyo kazi mlikuwa mkifanya huko Thika? Wizi?"

Haiya, Mwaura! Kama angenipiga kofi ningeshukuru.

Kwa sababu hakujua. Angejulia wapi? Hukuchoka kumwita, naye hakuchoka kukataa. Ulikuja nyumbani ukiwa na unga usoni, bado hujanawa uzee wa mchezo, akasimama mlangoni akakwambia, "Mungu alikupa uso mmoja. Huo mwingine umeutoa wapi?" Ukacheka, lakini mimi niliona ulivyomeza mate. Baadaye ukaniambia, kuna mtu mmoja tu Kenya nzima ninayetaka aione Gunia, picha yetu, na ndiye hataki. Sasa ameiona, na alichoambiwa ni kwamba alizaa mwizi.

Na ile Gunia jamani ilikuwa kinyume kabisa! Wenzetu mnaosomewa barua hii, mnisamehe, mnaijua, lakini acha niiseme tena, maana jana nilitamani kumkamata kila mtu shati nimweleze. Mtu maskini yuko kando ya barabara ya Thika. Lori linapita, linaangusha gunia, linaenda. Mtu analiinua. Hajui mna nini ndani. Anaanza kulifukuza lori alirudishe, basi, hiyo ndiyo hadithi nzima. Anakimbia, mbwa wanamfuata, wanawake wa kisimani wanampigia kelele, anavuka mto Chania juu ya mawe, anafika Ruiru usiku umeingia, anapiga hodi kwa mwenye mali. Ulisema umeitoa kwa baba, aliyewahi kutembea kutwa nzima kurudisha jembe la Mhindi. Mtu mwaminifu na mwizi, ulisema, kwa mbali hukimbia sawasawa. Mpaka umsikie.

Na kusikia kwenyewe ndiko kulikuwa kazi yetu. Bwana Kantilal wa studio ya picha, aliyekuwa ng'ambo ya barabara yetu, alikuwa na kamera ya kutiwa ufunguo kama saa, na picha yake ilikuwa bubu. Wewe ukasema, na iwe bubu, midomo si tunayo? Tukasimama kando ya shuka, wewe ukijisemea mwenyewe, mimi nikisema wanawake wote, Mutua na gitaa lake akiwa mvua, mbwa, lori na mto. Mutua bwana, tanboi, utingo wa lori la katani, mtu wa Machakos aliyejifunza gitaa akingojea gari lipakiwe! Mbwa wake walikuwa wanatisha watoto mpaka wanalia. Watu walikuja kwa ajili ya hao mbwa.

Nakumbuka ulipokwenda kuomba ruhusa kwa Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya. Siku zile za hali ya hatari hata harusi ilitaka kibali. Karani akakuuliza kwa ukali, "Mchezo wenu unasema nini?" Ukavua kofia, ukainamisha kichwa kama mjinga wa kwanza duniani. "Hausemi kitu, bwana. Hiyo picha hapana sauti kabisa." Akakupigia muhuri. Tulipofika kwenye kona tulicheka mpaka nikakaa chini barabarani. Tulijiona wajanja! Picha isiyosema haina kosa, na maneno yako kinywani mwetu, nani atayafunga? Mutua peke yake ndiye aliyeuliza, je, siku tusipokuwepo? Ukamwambia, "Tutakwenda wapi sisi? Tuko."

Tuko. Wewe na maneno yako.

Na kwa sababu ya kafyu tulionyesha sinema mchana. Nani mwingine amewahi? Ndani ya ghala la katani, tumeziba madirisha kwa magunia, wakata katani wamebanana kwenye sakafu wakitoka jasho, na taa ya mashine inavuta moto wa betri ya lori. Palinuka katani mbichi na miguu. Ukifika mwisho, yule mtu wako analiweka gunia mlangoni, anavua kofia, anatutazama sisi wote. Nawe kando ya shuka unasema kwa sauti ya chini, iliyochoka, "Hodi. Mzigo umefika. Mwenyewe yuko?" Na ghala lote linajibu kwa mpigo, "Yuko! Karibu!" Hatukuwafundisha. Walianza wenyewe siku ya kwanza kabisa, na tangu siku hiyo ikawa ndiyo desturi, picha haiishi mpaka wajibu.

Na siku tulipopiga picha Chania je? Nilikuwa na nguo zako kavu kwenye kikapu. Gunia tulikuwa tumelijaza mabaki ya katani, likaingia maji, likawa zito kama ng'ombe, likaanza kukuvuta kuelekea maporomoko. Mimi nikapiga mayowe, ya kweli yale, hayakuwa ya mchezo. Bwana Kantilal hakuondoa jicho kwenye kamera. "Mzuri sana, endelea, endelea!" Mutua akaruka majini na suruali ya kanisani. Ulipotoka midomo imepauka, meno yanagonga, neno lako la kwanza likawa, "Imeingia kwenye kamera?" Nilikutukana siku ile, Mwaura, nilikutukana mpaka Wazungu wa hoteli ya maporomoko wakatoka kutazama. Ningejua, ningekufunga blanketi nikakukumbatia.

Maana mto haukukuchukua. Ilikuchukua homa ya matumbo, ukiwa kitandani, na ulikuwa na kazi ya watu tele, baiskeli tatu zimebaki barazani magurudumu juu. Hata leo nashangaa. Mtu anayekimbia hivyo!

Baada yako tulijaribu. Mutua alisema maneno yako mara moja, akafika kisimani, akalia. Tukakunja shuka. Bwana Kantilal akafunga studio akarudi kwao, vitu vyake vikanunuliwa na huyu na yule, na ile picha, ambayo ilikuwa moja tu, haina pacha, ikaenda na makopo mengine. Nilidhani imeoza mahali. Kumbe inazunguka kwenye gari la sabuni, inaitwa mwizi toka kituo hadi kituo.

Sasa sikiliza jana ilivyokwenda.

Niko hapo, Mama ameniachia mkono, watu wanacheka, mbwa wanakufukuza bila sauti. Na nikajua kinachofuata ni kisima. Ni mimi ninayekuja. Nikaona mtungi wangu, nikaona kitambaa changu cha maua, kisha nikajiona mwenyewe, mwembamba, kijana, nimeweka mikono kiunoni, mdomo unafunguka. Mtoto mmoja nyuma yangu akasema, "Si ni yule mama wa cherehani!" Watu wakaanza kunigeukia.

Bwana wa sabuni akasema kwenye kipaza sauti, "Hata huyu mama anamtambua! Anasema, mwizi! Mwizi!"

Ni kweli, ndivyo ninavyosema pale. Hilo ndilo neno langu. Lakini wewe ulikuwa na jibu! Kila mara ulikuwa na jibu! Na kwenye nguo ile uligeuka, ukanyanyua kidole, midomo yako ikaenda, na hakuna kitu kilichotoka. Yule bwana hakukupa hata neno moja. Alikuwa anakunywa maji.

Sijui nilisimama saa ngapi. Najisikia tu nimesimama, na sauti imetoka, nene, sauti yako wewe, ile ya kujifanya mtu wa shida.

"Mama, mwizi hukimbilia kwake! Mimi nakimbilia kwa mwenye mali!"

Bwana wa sabuni akasema, "Wewe mama, kaa chini, unawafunika watu." Nikamwambia hapana, kaa wewe. Nilikuwa na hasira, ndugu yangu. Mtu fulani akapiga mluzi, mwingine akasema mtoeni huyo mlevi. Ndipo mzee mmoja akainuka huko mbele, mkata katani wa zamani, kidole kimoja hana, nikamkumbuka uso.

"Nyamaza nyinyi!" akasema. "Huyo hapana mwizi. Hii picha mimi naijua. Wacha huyu mama aseme."

Basi nikasema. Nilisema yote. Mbwa wakaja mara ya pili, nikawaambia kama ulivyokuwa ukiwaambia, "Msinibwekee, hata mimi simjui mwenyewe!" Watu wakacheka, lakini safari hii kicheko kilikuwa chako, nilikitambua. Ukafika Chania ukasimama juu ya jiwe. "Wewe gunia, unajua kuogelea?" Nikasikia sauti kushoto kwangu imesema pamoja nami, na nyingine kule nyuma. Wengi wa wale watu wetu wa ghalani walishatoka kwenye katani, sasa wako kwenye kahawa hapa Ruiru, na walikuwa wamekaa gizani na maneno yako matumboni mwao muda wote huo. Bwana wa sabuni alishusha kipaza sauti chake. Sina ubaya naye. Yeye alipewa mtu anayekimbia na gunia, bila neno, akafanya alichoweza.

Mama sikuthubutu kumtazama.

Ukafika mlangoni. Ukaweka gunia chini. Ukavua kofia, ukatugeukia, uso wako mzima hauna mshono, umechoka, na jasho, nyusi ziko hivi, Mwaura, ziko hivi kabisa. Na mimi hapo sikuweza. Nilifungua kinywa, hakuna. Maneno mengine yote nilikuwa nimekusemea, lakini hilo la mwisho niliona nikilisema ndiyo nimekuzika mara ya pili. Ukabaki unatazama, midomo inacheza, kimya, na nikasema moyoni basi, nimekuangusha mwisho kabisa.

Wakasema wao. Yule mzee asiye na kidole alianza, kisha wengine, wanaume kwa wanawake, kwa sauti ya chini vilevile kama ulivyowazoesha ghalani.

"Hodi. Mzigo umefika. Mwenyewe yuko?"

Na kabla hawajavuta pumzi wajibu, pembeni yangu mtu akasimama, akashika bega langu apate kunyooka. Alikuwa na sabuni mbili mkononi, sijui alipewa saa ngapi.

"Niko, mwanangu," Mama akasema. "Niko hapa. Karibu."

Hakuna aliyesema Yuko. Jibu lilikuwa limeshatolewa. Taa ikazimika, tukasimama gizani watu wote wale, na hakuna aliyegombania sabuni.

Njiani nilikuwa nimemaliza sauti zote, yangu na yako. Nimelala bila kulala. Bado nimeshtuka, ndugu yangu, bado kila nikifumba macho gunia linapita, na sijui kama nifurahi nimekuona au nilie umepita tena. Nimekasirika nawe pia, nikwambie ukweli. Kwa nini ulituachia picha isiyosema? Kisha nakumbuka karani na muhuri wake, nakumbuka ulivyovua kofia, nacheka peke yangu kama mwendawazimu.

Leo asubuhi Mama ameamka kabla ya jogoo. Amechemsha chai, amenisukumia kikombe, amekaa akitazama moto.

"Hiyo gari ya sabuni," akasema, "inaenda wapi Jumamosi?"

Nikamwambia bwana yule alisema Thika, Majengo.

Akachukua kitambaa chake cha kanisani, kile cheupe, akaanza kukikunja vizuri kwenye kikapu. "Basi uniamshe mapema," akasema. "Hatapiga hodi kwa watu halafu mimi niwe nimelala."

Pumzika na gunia lako, tutalipokea.

Ni mimi dada yako mkubwa, yule wa mshono.